Mwoga wa Kikosi

Kesho yake Kagemulo alikuwa anakwenda depo, kwenye mafunzo ya jeshi, na tumbo lake lilikuwa limeshapata habari. Tangu alfajiri alikuwa anaingia chooni na kutoka, anaingia na kutoka, mpaka mama yake akaacha kumuuliza. Viganja vilimlowa jasho kila alipovifuta kwenye sketi. Chai aliyojilazimisha kunywa ilirudi yote. Alikuwa ametoka chooni tena, kajishikiza ukutani, alipoinua macho akamwona kaka yake juu ya paa.

Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu na bati liling'aa kwa utelezi. Muganyizi alisimama ukingoni kabisa, vidole vya miguu vimetokeza nje ya bati, akifuta vioo vya umeme wa jua kwa mkono wake mmoja. Mkono wa pili ulibaki vitani. Chini yake kulikuwa na rundo la mawe ya kujengea.

"Kaka! Shuka!"

Muganyizi akamtazama kwa upole. "Kuna nini?"

"Utaanguka!"

Akainama kidogo kuyatazama yale mawe, kama mtu anayechungulia kisima kuona maji yamefika wapi. "Kweli," akasema. "Ni mbali kidogo." Akaendelea kufuta.

Mama yao alitoka jikoni na kisu mkononi. Hakupiga kelele. Miezi ya mwanzo baada ya Muganyizi kurudishwa nyumbani alikuwa akipiga kelele, akimvuta, akilia, na haikusaidia kitu. Sasa alijua la kufanya.

"Baba," akamwita mwanawe kwa sauti ya kawaida, "njoo unisaidie kumenya ndizi."

"Nakuja, mama."

Akashuka palepale.

Wakakaa jikoni watatu, mkungu wa ndizi katikati. Muganyizi alizibana ndizi kwa magoti na kuzimenya kwa ustadi. Jogoo mmoja aliyekuwa anafukuzwa uani aliruka dirishani, akaingia akipiga mbawa mbele ya uso wake, manyoya yakatapakaa. Muganyizi hakupepesa jicho. Alimsogeza kwa kiwiko kama mtu anayesogeza kiti.

Mama na binti wakatazamana. Tangu utotoni, Muganyizi alikuwa hawezi kuvumilia ndege anayepiga mbawa. Hata njiwa tu akiruka karibu, aligeuka upande, akainua bega la kushoto mpaka likaziba sikio, akabaki hivyo mguu mmoja ukiwa juu. Watoto wa shule walikuwa wakimwigiza. Alipokwenda jeshini miaka mitatu iliyopita, ndiye aliyetetemeka kuliko wenzake wote wa kata ile, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali kupunguzwa, yaani kuondolewa hofu.

"Kesho watakuuliza," mama akasema bila kumtazama Kagemulo. "Wanasema ni hiari. Mimi sitakusemea."

"Mama, mimi nataka." Kagemulo alishangaa alivyolitoa neno lile haraka. "Nimechoka kutapika. Nikifumba macho naona mimi ndiye niliyelala kwenye matope. Wenzangu wote watakuwa wametulia, mimi peke yangu natetemeka kama kifaranga. Unajua ni aibu gani?"

Muganyizi akasema, "Haiumi. Ni kama kuvua kofia."

Mama alimenya ndizi mbili. Kisha akasema, "Siku ya kuolewa nilitapika nyuma ya migomba mpaka shangazi zangu wakaanza kunong'ona. Walidhani nimeshika mimba ya mtu mwingine."

Kagemulo akacheka, jambo ambalo hakulitegemea.

"Menya," mama akamwambia. "Vuta pumzi polepole, uitoe polepole zaidi, na umenye. Mikono ikipata kazi, tumbo nalo linapata mahali pa kukaa."

Akamenya. Hofu haikuondoka, lakini ilikaa. Jioni ile aliweza kula kidogo.

*

Mama hakuwa amekanyaga Kituo cha Utulivu, mahali makuruta walikopitia kabla ya depo, tangu siku aliporudishiwa mwanawe, kwa hiyo aliyemsindikiza Kagemulo alikuwa Muganyizi. Makuruta walikuwa wamepangwa kwenye mabenchi chini ya paa la turubai, mabegi miguuni. Pembeni ya Kagemulo aliketi Alinda, waliyesoma naye darasa moja, msichana wa kicheko kingi ambaye siku ile kicheko kilimtoka vipande vipande kama kwikwi. Alikuwa amemshika Kagemulo mkono kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi.

Luteni Chilongola, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mwalimu, alisimama mbele yao. Nyuma yake, uwanjani, alikuwepo mbuzi. Jina lake la kijeshi lilikuwa kitangulizi, lakini nchi nzima ilimwita mbuzi kwa sababu ya miguu minne iliyopanda popote: mashine ya kimo cha ndama, kichwa chenye macho ya vioo, na mtutu mfupi chini ya shingo.

"Zamani hawa hawakuogopa kitu," Luteni akasema. "Waliingia motoni, wakaungua, na kila mmoja bei yake ni bei ya shule nzima. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba walipiga chochote kilichosogea. Mliokuwa wadogo hamkusikia, wakubwa wanakumbuka: kuna kijiji walichofika siku ya harusi." Akamtupia mbuzi jicho. "Mafundi waliwaandikia sheria, moja baada ya nyingine. Haikufaa. Mashine ilitii sheria na bado ikaua. Walichokosa si sheria. Walikosa kusita. Na kusita kunatokana na hofu, na hofu haiandikiki. Inabidi itoke kwa mtu aliyenayo."

Akaeleza lililobaki kwa maneno machache. Kuruta anavikwa kofia. Kofia inasoma njia ambazo hofu hupita kichwani mwake, inazinakili, na katika kuzinakili inazifuta. Nakala inapandikizwa kwa mbuzi. Kuruta anatoka ametulia, mbuzi anatoka mwangalifu. "Wote wawili wanafaidika," Luteni akamaliza.

Jalala la kituo lilikuwa nyuma ya ua, na ndege aina ya korongo walishinda hapo. Mmoja akashuka uwanjani kufuata mabaki ya chakula, akakunjua mbawa zake kubwa karibu kabisa na mbuzi.

Mbuzi akageuka upande. Akainua bega la kushoto mpaka likaziba pale ambapo mnyama angekuwa na sikio. Mguu mmoja wa mbele ukabaki juu, unatetemeka.

Kagemulo alikitambua kitendo kile. Akamtazama kaka yake. Muganyizi alikuwa anamtazama mbuzi kwa makini, kichwa amekiinamisha.

"Anaogopa ndege," akasema.

"Kaka..."

"Kuna mtu aliyekuwa anafanya hivyohivyo." Akafikiri. "Nilikuwa mimi, sivyo?"

"Ni wewe."

"Wamemtunza vizuri," Muganyizi akasema. Hapakuwa na uchungu wowote katika sauti yake.

Kagemulo akajikuta anauliza jambo ambalo nyumbani hakuna aliyewahi kuthubutu kuliuliza. "Siku ile ulipopoteza mkono, ilikuwaje?"

"Mbuzi alikuwa mbele yetu. Alifika kwenye migomba iliyoungua, akasimama, akarudi nyuma mbio. Sisi tukaendelea."

"Kwa nini mliendelea?"

"Hatukuambiwa tusimame." Akamtazama dada yake kama vile swali lenyewe lilikuwa na kasoro. "Tuliona kwamba amerudi. Tuliongea hata njiani: mbuzi amerudi, basi kuna kitu. Tukatembea. Tulikuwa tisa."

Jina la Alinda likaitwa. Aliuachia mkono wa Kagemulo kidole kimoja kimoja, akaingia. Hakukaa sana. Alipotoka alikuwa amenyooka, uso wake umelainika kama wa mtu aliyeamka usingizini bila ndoto. Mama yake, aliyekuwa amesimama kando ya turubai, alimkimbilia huku analia. Alinda alimpigapiga mgongoni. Kisha akakaa, akaona kiganja chake kina jasho, jasho la wao wawili, akakifuta kwenye suruali.

"Vipi?" Kagemulo akanong'ona.

"Vizuri," Alinda akasema. Hakucheka tena.

*

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Kofia ilining'inia juu ya kiti kwa waya mnene. Luteni Chilongola alikuwa ndani mwenyewe, na alipotazama kioo kilichokuwa kinaonyesha mapigo ya moyo wa Kagemulo, akainua nyusi.

"Hofu ya namna hii hatuipati kila mwaka," akasema. "Kaa, binti. Usiku wa leo utalala kama mtoto."

Kagemulo hakukaa. "Afande, ni hiari?"

"Ni hiari."

"Basi sitaki."

Alidhani atapigiwa kelele. Luteni akaegemea meza tu.

"Umeiona hofu ya kaka yako uwanjani," akasema. "Namkumbuka. Nitakuambia jambo, na ni kweli tupu. Mbuzi yule aliye na hofu yake, mwaka jana aliingia nyumba moja kule mpakani. Mlango ulifunguliwa ghafla, kitu kikaruka gizani. Mbuzi wa zamani angepiga. Yule alishtuka, akageuka upande. Aliyeruka alikuwa mtoto mwenye bata mikononi." Akaielekeza kofia kwa kidevu. "Hofu yako wewe inaweza kupandikizwa kwa mbuzi mia. Hesabu mwenyewe watoto. Ukiondoka nayo itamlinda mtu mmoja tu, nawe huenda ukamponza mwenzako siku moja kwa kukimbia. Unaona haya unaposema 'sitaki'?"

"Ndiyo, afande."

"Na bado hutaki?"

Kagemulo alimwona yule mtoto na bata wake waziwazi kabisa. Alimwona pia Muganyizi ukingoni mwa paa. Alitamani mtu mwingine yeyote awe ndiye anayeulizwa. Kile kiti kilikuwa karibu, na kukikalia kungekuwa rahisi kuliko kitu chochote alichowahi kufanya.

"Kaka yangu amemwona mbuzi akiogopa kwa niaba yake," akasema. "Hakuna aliyebaki wa kuogopa kwa ajili ya kaka yangu, ila mama. Na mama amechoka. Sitaki, afande."

Luteni akaisogeza kofia kando. Kisha akazima kile kioo.

"Nenda kapande basi," akasema.

Urahisi ule ulimtisha Kagemulo kuliko kelele.

*

Basi la jeshi lilijiendesha lenyewe. Askari pekee aliyekuwamo alikuwa Sajini Masunga, mtu wa makamo mwenye mashavu laini, aliyepunguzwa siku nyingi. Wazazi walisimama kando ya barabara wakipunga mikono. Kagemulo alipunga dirishani, anamlilia kaka yake ambaye alipunga pia, kwa sababu aliona wengine wanapunga. Alipogeuka ndani, aliona kwamba katika basi zima ni yeye peke yake aliyeinua mkono. Wenzake walitazama mbele.

Mvua ikarudi. Walipofika mto Kibare maji yalikuwa mekundu, yamebeba magogo, yamefunika drifti, ile njia ya zege ya kuvukia. Basi lilipunguza mwendo, likapima, likaingia. Katikati likakohoa, likazimika.

Maji yaliingia kwa mlango. Yakafika vifundoni, kisha kwenye vigimbi. Basi zima likasogea kidogo kuelekea chini ya mto, likakwama.

Sajini Masunga akainua redio. "Tumezimika Kibare. Tunasubiri trekta." Akairudisha kiunoni, akakaa.

"Afande, maji yanapanda!" Kagemulo akasema.

"Nayaona."

"Tutakufa humu!"

"Kaa chini, kuruta. Trekta linakuja."

Kagemulo akawageukia wenzake. Walikuwa wameketi vizuri, mabegi mapajani, maji yakicheza magotini mwao. Wengine walikuwa wakiyatazama. Akamshika Alinda mabega, akamtikisa. "Alinda! Ukikaa hapa utakufa!"

"Inawezekana," Alinda akasema, na akalifikiria.

Kagemulo alitaka kuruka dirishani peke yake. Mguu mmoja ulikuwa tayari juu ya kiti. Ndipo akajiona: anapiga kelele, na kelele zake zinapita juu ya vichwa vyao kama mvua juu ya bati. Akavuta pumzi, akaitoa polepole. Akashusha sauti.

"Alinda," akasema, "nisaidie kufungua mlango wa juu."

Alinda akasimama mara moja.

"Wewe mwenye shati la bluu, nipe mikanda ya mabegi yote. Nyie wawili, ifungeni pamoja iwe kamba. Wewe panda, ushike hapa. Mwenzako mshike mkono. Msiachiane."

Wakafanya. Walikuwa wepesi, hodari, mikono yao haikutetemeka hata kidogo. Wakatoka juu ya paa mmoja baada ya mwingine, wakashuka upande wenye maji ya kina kifupi, wakafanya mnyororo hadi ukingoni. Kagemulo alikuwa katikati, maji kifuani, anaita kila mmoja kwa chochote alichokumbuka: jina, shati, kovu. Hata Sajini Masunga alipoombwa kushikilia ncha ya kamba, aliishikilia.

Kijana mmoja aliyeitwa Rwiza alikuwa ameshafika nchi kavu. Akatazama miguu yake, akaona haina viatu. Akageuka, akarudi majini kuvifuata, bila haraka, kama mtu aliyevisahau mlangoni mwa kanisa.

"Rwiza! Rwiza, njoo unisaidie!"

Akageuza kichwa kumwitikia, na gogo likampiga ubavuni. Hakupiga ukelele. Kichwa chake kilionekana mara moja, uso umetulia, kisha mto ukawa mto tu. Kagemulo alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ukingoni, wenzake walitazama pale alipopotelea. Mmoja akasema, "Amekwenda," na mwingine akakubali.

Muda si mrefu basi lilijigeuza, likalala ubavu, likachukuliwa.

*

Luteni Chilongola alikuwa nyuma yao kwa gari dogo. Alifika mvua ikiwa imepungua. Akahesabu vichwa, akautazama mto, akamwuliza Sajini Masunga ilikuwaje. Sajini alieleza yote kwa mpangilio, bila kuficha kwamba yeye alikuwa ameketi. Kisha akanyoosha kidole.

Kagemulo alikuwa amekaa kwenye majani, meno yanagongana, amejikumbatia. Luteni akachuchumaa mbele yake. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mwalimu.

"Unaogopa bado?"

"Ndiyo, afande."

"Sana?"

"Sana."

Luteni akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa akitafuta kitu nyumba nzima na kukikuta mkononi mwake. "Mashine tunazipa hofu kwa sababu ni ghali," akasema, na haikuwa wazi kama anazungumza na Kagemulo au na nafsi yake. "Hatukufikiria kumwachia hata mmoja hofu yake kwa ajili ya watu." Akasimama. "Sikiliza. Wewe hutapunguzwa. Si hiari tena, ni amri. Utakwenda mbele ya hawa. Wakilala utakuwa macho. Wakipelekwa mpakani utakwenda nao, na mwaka huu wataenda. Na vikosi vingine tutavitafutia wa kwao."

"Afande, siwezi. Mimi mmoja..."

"Umeshaweza leo."

"Rwiza amekufa!"

"Ndiyo," Luteni akasema. "Na ni wewe tu unayelia. Ndiyo maana ni wewe."

Akawageukia makuruta, akawaamuru wasimame kwa mstari. Daraja la waenda kwa miguu lilikuwa upande wa juu wa mto, mwendo wa kupita migombani na kwenye matete. Akamsukuma Kagemulo taratibu mbele ya mstari.

"Mfuateni huyu," akasema. "Akisimama, simameni. Akikimbia, kimbieni."

Kagemulo akaanza kutembea. Nguo zilimganda mwilini. Kila tete lililotikisika lilimkaza moyo. Nyuma yake alisikia nyayo zao zikikanyaga tope pale alipokanyaga yeye, Alinda wa kwanza, Sajini Masunga wa mwisho, na akatambua kwamba wote wamepunguza mwendo kwa sababu yeye amepunguza. Alijaribu kupumua kama alivyofundishwa. Lakini uso wa Rwiza ukamjia, ule uso uliotulia, na machozi yakamzidi nguvu. Akasimama ayafute.

Nyayo zikanyamaza zote kwa pamoja.

Hakuna aliyemuuliza analia nini. Aliposhusha mikono na kugeuka, aliwakuta wamesimama mstari mzima, mvua ikiwatiririka usoni, wanamtazama, wanasubiri awaambie hatari iko upande gani.